Mafundi wa mtandao mnabadilisha ruta zetu kimyakimya, kisha mnatuletea ankara!

Wakuu, heshima kwenu. Niko Mbeya mjini, naangalia mifumo ya ushirika wa akiba na mikopo wenye matawi Tukuyu, Makambako na Mafinga. Ruta na swichi zetu, yaani vifaa vinavyounganisha matawi na mtandao, zinasimamiwa na kampuni tuliyoingia nayo mkataba. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Nimevumilia vya kutosha.

Juzi tawi la Tukuyu limefungua asubuhi, mfumo wa mikopo haufunguki. Akina mama wa ndizi kutoka Kiwira wamejaa kwenye mabenchi, nje mvua, karani anabofya tu. Napiga simu kwa kampuni, najibiwa: "Mtandao uko sawa, mbona WhatsApp inafanya kazi?" Kisha wakamwagiza meneja wa tawi azime ruta na kuiwasha. Akaizima kabla sijamwahi.

Na hapo ushahidi wote ukapotea. Zile ruta ni MikroTik. Usipogusa mpangilio wake wa kiwandani, logi (kumbukumbu ya matukio ya ruta) inakaa kwenye memori ya muda tu, mistari 1,000, na ukiizima inafutika. Orodha ya mabadiliko ya karibuni nayo huondoka hivyo hivyo. Fundi anayelipwa kusimamia ruta hawezi kuniambia hilo halijui.

Nashukuru nilikuwa nimetunza nakala ya mipangilio tuliyokabidhiwa siku ya ufungaji. Nikambana fundi anipe nakala ya sasa, nikaziweka sambamba mstari kwa mstari. Kanuni ya masquerade, inayobadilisha anwani za pakiti (vipande vya data) ziwe za ruta zinapotoka kwenda intaneti, ilikuwa imepandishwa juu ya ile inayoziacha pakiti za kwenda makao makuu zipite na anwani zake. Ruta inasoma kanuni hizi kuanzia juu kwenda chini. Masquerade ikitangulia, pakiti inabadilishwa anwani, hailingani tena na sera ya IPsec (teknolojia ya kusimba data njiani), haiingii kwenye tunneli, ile njia salama ya kwenda makao makuu. Kwa hiyo intaneti inatembea, tunneli inaonekana hai, ila mfumo wa mikopo umekufa. Wakuu, kanuni haijipandishi yenyewe! Kuna mtu aliingia akaisogeza, hakumwambia mtu, hakuandika popote.

Ni nani? Haijulikani, kwa sababu kampuni nzima inaingia kwa akaunti moja, "admin", nywila moja, matawi yote. Aliyeacha kazi kwao mwaka jana bado anaweza kuingia kwenye ruta ya Mafinga akiwa kitandani kwake. Makambako ndiyo aibu kabisa: logi ipo, inasema admin ameingia kwa Winbox (programu ya kusimamia ruta za MikroTik), lakini tarehe ni Januari 1970, maana umeme ulikatika na hakuna aliyeweka NTP ya kurekebisha saa. Logi ya namna hiyo utampelekea nani?

Halafu wametuma ankara. Usafiri wa fundi Mbeya hadi Tukuyu, pamoja na "kurekebisha hitilafu". Hitilafu waliyoifanya wenyewe! Bodi inaniuliza mimi kwa nini tunalipa, na wanachama waliorudi Kiwira bila hela zao hawana wa kumuuliza.

Nilipodai rekodi ya mabadiliko nikaambiwa ni siri za kiufundi, na kwamba hayo ni mambo ya benki kubwa. Siyo kweli. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO/IEC 27001 cha 2022, kina kipengele cha 8.9 kinachohusu usimamizi wa mipangilio, na hakisemi kinawahusu wenye majengo marefu tu. Wala si suala la gharama. Programu ya RANCID ipo tangu miaka ya 1990, Oxidized ipo, zote ni bure: kila usiku zinachukua mipangilio ya kila kifaa, zinaiweka kwenye Git (hifadhi inayotunza kila toleo), asubuhi unaona mstari gani umeongezwa na upi umeondolewa. Kompyuta ndogo iliyokaa bure pale ofisini inatosha kabisa, na ndiyo hiyo hiyo itakayopokea logi kutoka matawi yote kwa Syslog (njia ya ruta kutuma logi zake kwenye mashine nyingine), ili fundi akizima ruta asizime na ushahidi. Kila fundi awe na akaunti yake, na akiondoka kwao ifungwe siku hiyo hiyo. RouterOS, mfumo unaoendesha ruta za MikroTik, ikiandika kwamba kanuni imebadilishwa inataja na mtumiaji aliyeibadilisha, ila jina hilo halina maana kama wote wanaitwa admin.

Jambo moja silegezi: nakala na logi zikae kwetu, siyo kwao. Vifaa ni vyetu, tumevinunua kwa hela za wanachama.

Ankara sijaisaini na sisaini. Mkataba unakaribia kuhuishwa na nataka hili liingie kwa maandishi, pamoja na adhabu kwa badiliko lolote lisilo na kumbukumbu. Mliopo Iringa, Njombe au Songwe ambao mmefanikiwa kuliweka kwenye mkataba wenu, wekeni hapa maneno ya kipengele hicho jinsi kilivyo, nimpelekee mwanasheria wetu kabla kikao cha bodi hakijakaa.