Yule fundi wa miwani kichwani AMEINYAMAZISHA diski yangu, na bado anadai pesa

Wakuu wa Amu, simtaji. Hana haja ya kutajwa. Anatengeneza simu, friji, kompyuta na mashine za boti kwa bisibisi moja, na miwani yake tangu azaliwe haijashuka machoni. Hata watoto wa chuoni wamjua. Nimetoka kwake sasa hivi, mkono unatetema naandika.

Ameniambia "nimeinyamazisha". NIMEINYAMAZISHA!

Kompyuta yangu ya kazi ya kupiga picha ni ya Ubuntu (Linux), diski ya terabaiti 2, mfumo wake wa kupanga faili ni ext4. Kabla ya Ramadhani ikaanza kugoma: faili nafungua, sauti nasikiliza, nikitaka kuhifadhi inakataa, inasema mfumo wa faili ni wa kusoma tu. Umeme wetu mwaujua, na hewa ya chumvi yala hata msumari wa dau. Nikampelekea. Nusu saa tu, akalipigapiga kasha kama ambembelezaye punda, akacheka: "Ilikuwa na kelele nyingi, nimeinyamazisha." Nikatoa 1,500 na ahsante juu.

Juzi ndipo nimeona alichofanya. Ndani ya /etc/fstab, faili inayoiambia mashine ifungue diski vipi, palipokuwa na errors=remount-ro, ameandika errors=continue. Basi! Fsck, ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, hakuendesha; dmesg, yenye ujumbe wa makosa ya mashine, hakutazama. Ext4 ikikuta hesabu zake za ndani zimeharibika ina njia tatu: continue, inaandika kosa kwenye kumbukumbu za matukio kisha yaendelea kama hapakuwa na jambo; remount-ro, inafunga kuandika, ubaki kusoma; panic, inasimamisha mashine nzima. Kule kugoma ndiko kulikokuwa kunanilinda! Jahazi lavuja, baharia apiga ukelele, na huyu kamtia baharia kitambaa mdomoni akasema safari njema.

Miezi mitatu nimeandika juu ya diski hiyo. Daftari la kuonyesha vitalu vipi (vyumba vya diski) vina kitu na vipi ni vitupu lilikuwa limeoza, kwa hiyo mfumo ukiona chumba kitupu wamwingiza mgeni, kumbe mwenyewe amelala ndani. Video za harusi mpya zimelala juu ya rekodi za kale. Nilipoendesha fsck, vitalu vinavyodaiwa na faili mbili vilipita kwenye skrini mpaka kahawa ikapoa. Faili nyingine zimetupwa lost+found, folda ya vilivyookotwa, hazina majina, nambari tu: #393218, #393219...

Jana nimefungua moja. Sauti ya babu yangu, Maulidi ya Mfungo Sita, 2014. Anafika beti ya nne, anavuta pumzi, nasikia kabisa ile pumzi, halafu mlio kama bati lakwaruzwa juu ya mawe mpaka mwisho. Babu yuko kaburini. Hiyo beti ya tano nani atanisomea?

Nimemwendea leo baada ya alasiri, baraza imejaa watu. Anajibu: "Si ulitaka iandike? Iliandika." Kisha akawageukia watu, kwa fahari, kama aliyechimba kisima: "Mimi niliinyamazisha!" Na adai 500 ya kuikagua.

---

Punda_Hana_Haraka: Pole kaka. Bakapu je?

Mwenye uzi: Harusi ziko kwa dadangu Mombasa. Za babu hazikuwahi kufika. Lakini msinitoe kwenye jambo. Mtu mzima anasema NIMEINYAMAZISHA.

Kaskazi_Kuu: Tuweke sawa. errors= ni kwa uharibifu wa hesabu za mfumo wenyewe, si kila sekta (kipande kidogo cha diski) mbovu. Sekta ikikataa kusomeka katikati ya faili, programu hurudishiwa kosa na mfumo unaendelea kuandika vilevile, hata ukiwa na remount-ro. Na ukiufuta mstari huo fstab, inafuatwa tabia iliyoandikwa kwenye diski yenyewe; tazama kwa amri tune2fs -l. mke2fs, programu inayoutengeneza mfumo huo, kwa kawaida huacha continue. Mimi nilihamia XFS, mfumo mwingine wa faili, haina hilo chaguo kabisa: ikigundua hesabu zake zimeharibika vibaya, inajifunga yenyewe.

Mwenye uzi: Shekhe, yangu ilishajifunga! Mara mbili kwa wiki ilijifunga! Ndiyo akainyamazisha!

BintiLangoni: Huyo huyo alitengeneza friji ya mamangu. Sasa yapasha maji. Tumetia samaki asubuhi, adhuhuri tumempata ameiva.

MzeeWaGahawa: Mwamsema mtoto wa watu. 1,500 mlitaka awaletee mhandisi wa Ulaya? Na wewe mpiga picha, miezi mitatu mashine yakuandikia makosa kwenye kumbukumbu za matukio, hukufungua hata siku moja?

Punda_Hana_Haraka: 😂😂 Mzee kamaliza. Yeye naye alikuwa errors=continue.

Mwenye uzi: Cheka. Sauti ya babu yako ikigeuka bati utaniambia.

Nahodha_Nchi_Kavu: Fundi afadhali. Yule wa boti ya kwenda Mokowe, mwamjua, asubuhi kaniona nimeshika sanduku, mguu mmoja gatini mmoja hewani, akapiga mashine. Basi la Mombasa nimeliona vumbi.

BintiLangoni: Wa kofia nyekundu? Huyo alinipa chenji ya 1,000 kwa sarafu tupu! Mkoba ulizama upande.

Kaskazi_Kuu: Mwenye uzi, usiandike tena chochote kwenye diski hiyo. Chukua nakala nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ufanyie kazi nakala.

Nahodha_Nchi_Kavu: Nauli yangu ya basi nani atanirudishia?

MzeeWaGahawa: Mwazungumza boti. Kuna bwana kila alfajiri anamwaga mchanga wa kujengea mlangoni kwangu, punda sita, mimi natoka kwenda kuswali napanda mlima.

BintiLangoni: Ule mchanga bado upo? Nimepita hapo na ndoo ya maji, nusu imemwagika.

MzeeWaGahawa: Upo, na leo ameongeza. Nani ana sepetu aniazime kabla ya isha?