Je, vitabu vya nyumbani vinamsema mwenyewe?

Mhasibu, Moshi:
Habari zenu, ndugu zangu. Wiki iliyopita nilihamia nyumba nyingine hapa Moshi, na jirani aliyenisaidia kupanga vitabu sebuleni alivitazama kwa muda, kisha akasema kwamba kumbe naogopa mitihani hadi leo. Nilicheka, lakini hakukosea: karibu vyote ni vya kidato cha tano na cha sita, vingine vya uhasibu, ilhali riwaya ninazozipenda nimezificha chumbani. Je, vitabu vinamweleza mtu kweli, au vinaeleza tu anachotaka wageni wakione?

Mjukuu wa Mkulima, Old Moshi:
Dada, vinamweleza, ila si kwa majina yaliyo kwenye jalada. Babu yetu alituachia vitabu visivyofika kumi. Biblia na kitabu cha nyimbo cha KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri, tulivitarajia. Ni nyumba ngapi za huku zisizo navyo? Kilichotushangaza ni kijitabu cha kilimo cha kahawa kilichochakaa hadi jalada likang'oka, ambacho pembezoni mwake babu aliandika kwa penseli kiasi cha dawa ya mrututu alichopulizia, siku mvua ilipoanza, miti iliyoshambuliwa na ugonjwa wa chulebuni, na bei aliyolipwa na chama cha ushirika msimu ule. Kando yake tulikuta *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969, miaka 2 tu baada ya Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa, na huenda ndiyo maana wafanyabiashara wa Shakespeare wakaitwa mabepari. Humo babu alipigia mstari mahali pamoja tu: masharti ya mkopo wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimeshikana. Yeye alisoma kama mkulima anayesubiri malipo, basi.

Msomaji wa Maktaba, Arusha:
Ndugu, hayo ni ya mwenye vitabu vyake. Mimi huazima maktaba ya mkoa na kurudisha, na vilivyobaki nyumbani vingi vina majina ya watu wengine ukurasa wa kwanza. Mgeni akivichunguza atajua ninaopaswa kuwaomba radhi, si ninachokipenda.

Mhasibu, Moshi:
Asanteni. Baada ya kusoma habari za babu nilifungua kitabu changu cha uhasibu, na kwenye sura ya urari nikakuta beti mbili za shairi nilizoziandika darasani, mwalimu akiendelea kufundisha. Kitabu hicho nimekihamishia chumbani.