Mikataba tisa tangu sensa ya 2022: CV niipange kwa tarehe, kwa ujuzi, au niikusanye?

Mtoto_wa_Tabata (mleta mada)
Wakuu, habari za mihangaiko. Nilikuwa karani wa sensa Agosti 2022, na tangu nirudishe kile kishikwambi sijaonja ajira ya kudumu. Ni mikataba tu: utafiti wa wiki tatu Temeke, miezi miwili Mkuranga na Kisarawe, halafu nyumbani, halafu simu inaita tena. Nimefikisha mikataba tisa. Saba nilikuwa mdadisi, yaani wa kuhoji kaya na kujaza dodoso, miwili ya mwisho msimamizi wa timu.

Nina CV za aina tatu kwenye laptop:
A: kwa tarehe. Kila mkataba na kichwa chake, wa karibuni juu. Kurasa nne.
B: kwa ujuzi. Kukusanya takwimu, kusimamia timu, kuandika ripoti. Waajiri nimewataja chini kwa majina tu. Kurasa mbili.
C: mikataba yote chini ya kichwa kimoja, yenye uzito ndiyo imeelezwa.

Kuna kazi ya miezi minne imetangazwa, wanataka msimamizi wa wadadisi. Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Nitume ipi?

Bi_Mkubwa_Kimara
Mwanangu, nimechambua maombi ya kazi miaka kumi na moja, nisikilize. B nikiiona naanza kushuku. Mtu ananiambia amesimamia timu, lakini hasemi wapi, lini, wala timu ya watu wangapi. Nabaki nawaza kuna kitu kimefunikwa.

A nayo inachosha. Mikataba saba ya udadisi, na chini ya kila mmoja maneno yaleyale: nilihoji kaya, nilijaza dodoso, nilituma takwimu. Nikifika wa tatu nimeshahamia bahasha nyingine. Na kwa anayepitia harakaharaka, tarehe fupi fupi zile zinamwonyesha kijana asiyekalika kazini, kumbe mikataba yenyewe ndivyo ilivyokuwa.

Chukua C.

Fundi_Umeme_Buguruni
Mama, kwa heshima zote, mimi B ndiyo imenilisha. Sijawahi kumaliza miezi miwili kwenye saiti moja. Nikiandika kila saiti, CV itakuwa daftari. Mkandarasi anataka kujua vitu vitatu: cheti cha ufundi cha VETA, leseni ya umeme ya EWURA, na naweza kufunga nini. Ukurasa mmoja, namtumia WhatsApp, jioni ananipigia.

Bi_Mkubwa_Kimara
Baba, wewe leseni inakusemea. Mdadisi hana leseni. Yeye anasemewa na mahali alipofanya kazi, muda aliokaa, na mtu wa kupigiwa simu athibitishe.

Fundi_Umeme_Buguruni
Hapo nimekuelewa.

Mzee_wa_Zabuni
Mnabishania mpangilio, sawa, ila naona kazi kubwa iko kwingine. Naandaa zabuni za ushauri, na kwenye nyaraka za miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia kuna fomu ya CV inaitwa TECH-6. Ina sehemu ya safu mbili: kushoto unaandika majukumu utakayopewa kwenye kazi hii, kulia unaandika kazi ulizowahi kufanya zinazoonyesha kwamba unayaweza. Basi.

Hata kama hukuombwa fomu hiyo, chukua karatasi ukae nayo nusu saa. Kushoto nakili tangazo, sharti moja moja, kwa maneno yao wenyewe. Kulia andika mkataba unaolijibu kila sharti. Wakisema "kukagua ubora wa takwimu kila siku", ni ule mkataba wa Kisarawe au mwingine? Ukiona kulia pametupu kwenye masharti matatu, jiulize kama kazi ni yako. Na kama pamejaa, yale ya kulia ndiyo yanapanda kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa wa kwanza. Mengine yatashuka yenyewe.

Halafu tahadhari: fomu ile ina tamko unalotia saini kwamba ulichoandika ni kweli, na uongo unaweza kukuondoa kwenye zabuni au kukufukuzisha kazi ukiwa umeshaanza. Usimpandishe mdadisi akawa "mratibu" kwenye karatasi.

Binti_wa_Rangi_Tatu
Na usipeleke kuchapiwa stationery bila kuisoma! Mimi nililipa elfu tano, nikatuma siku hiyohiyo. Nafika kwenye usaili naulizwa, "Umeandika unapenda kuogelea?" Nikashangaa. Kumbe kijana alifungua CV ya mteja aliyetangulia akabadilisha jina na shule, mengine akayaacha. Mimi maji ya Coco Beach huwa yananiishia magotini. Hali ya ndoa nayo ilikuwa ya huyo mwenzangu, kwa hiyo nilikuwa nimeolewa bila mahari.

Tangu siku ile dini, ndoa na uzito wangu siweki kabisa. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) pia siweki, wataiomba wakati wa kusaini mkataba. Na zile template zenye safu mbili na vinyota vya "Kiingereza nyota nne" nimezitupa: ukiipakia kwenye mfumo wa maombi, maneno yanachanganyika kama mchele na choroko. Safu moja, PDF, labda waseme wanataka Word.

Mdau_wa_Sheria
Kwa mleta mada: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua mkataba wa muda maalumu na mkataba wa kazi maalumu. Muda ukiisha, hujafukuzwa wala hujaacha kazi. Kwa hiyo andika waziwazi "mkataba wa miezi miwili, ulikamilika". Maneno hayo machache yanajibu swali la Bi Mkubwa la kijana asiyekalika.

Mtoto_wa_Tabata
Nimekesha nayo. Tangazo ni la Kiingereza kwa hiyo CV ni ya Kiingereza, ila hapa naiweka kwa lugha yetu. Mkataba wa Kisarawe zamani ulisomeka hivi:

"Msimamizi. Kusimamia wadadisi na kuhakikisha kazi inafanyika kwa ufanisi."

Sasa:

"Msimamizi wa timu (mkataba wa miezi miwili, ulikamilika). Wadadisi 6, kaya 480, vijiji 12. Nilikagua madodoso yote kila jioni kwenye KoboToolbox (programu ya kukusanyia takwimu) kabla ya kutumwa. Yenye kasoro yalirudishwa kwa mdadisi kesho yake asubuhi, timu ikiwa bado kijijini."

Mikataba saba ya udadisi nimeibana kwenye mistari saba, kila mmoja una mahali, mwezi na mada ya utafiti. Yote iko chini ya kichwa "Kazi za mkataba, 2022 hadi sasa". Kurasa mbili kasoro kidogo. Ukurasa wa kwanza nimeupiga picha, huu hapa. Namba ya simu nimeifunika katikati.

Mzee_wa_Zabuni
Hilo la "timu ikiwa bado kijijini" ndilo litakaloulizwa kwenye usaili. Jiandae kulieleza.

Bi_Mkubwa_Kimara
Wadhamini wako uwapigie kabla ya Ijumaa, wasije wakashtukizwa.

Binti_wa_Rangi_Tatu
Kaka, hiyo namba ya simu. Nimehesabu tarakimu pamoja na nyota ulizofunikia, nikarudia tena. Ziko tisa, na umeanza na sifuri.

Mtoto_wa_Tabata
Duh. Na ndiyo niliyotuma kwenye maombi mawili ya mwezi uliopita.