Tupeane uzoefu: bembea ya mtoto kwa sisi wa chumba na sebule

Mama wa Sakina
Habari za jioni wapendwa. Mtoto wetu anakaribia miezi miwili, na tunaishi Sakina hapa Arusha, chumba na sebule. Sebuleni kuna kochi la watu watatu, kabati la televisheni na jiko la gesi kwenye kona. Kipande cha sakafu kilichobaki ndiyo njia ya kwenda chumbani. Nataka bembea kwa sababu mchana nabaki peke yangu na mtoto, na kuna kazi huwezi kuzifanya ukiwa umembeba mgongoni, kama kukaanga na kupiga pasi. Mliowahi kununua mkiwa na nafasi finyu, nisimulieni: mlichukua ya aina gani, mliiweka wapi, mtoto aliipokeaje? Hata walioamua kutonunua waseme.

Mama Kijenge
Hongera kwa malezi. Anza na futikamba kabla hujauliza bei. Zile bembea kubwa za miguu minne dukani zinaonekana za kawaida kwa sababu zimewekwa mahali peupe. Ukiifikisha nyumbani unakuta kiti ni kidogo lakini miguu imetanuka kila upande, na bado unatakiwa uache nafasi kiti kinapokwenda mbele na kurudi nyuma. Sisi tulimwomba muuzaji vipimo vya miguu ikiwa imefunguliwa, tukachora kwa chaki sakafuni, kisha kutwa nzima tukawa tunapita hapo na ndoo na masufuria tukijaribu kutokanyaga mchoro. Kufika jioni upande wote wa mlangoni ulikuwa umefutika. Tukachukua ile fupi ya kukunja, inayokaa chini karibu na sakafu. Usiku inaingia uvunguni mwa kitanda.

Ila fupi nayo isije ikawekwa juu ya meza au kochi eti kuokoa nafasi. Ule mtikisiko unaisogeza taratibu mpaka ukingoni. Mahali pake ni sakafuni.

Dada wa Tengeru
Wa kwangu aliikataa kabisa. Kila nikimkalisha ni kilio. Azima kwanza kwa jirani umjaribishe, kila mtoto na tabia yake.

Baba wa Soweto, Moshi
Mimi niongelee umeme, maana kina baba ndiyo tunatumwa kwenda kuzikagua. Nyingi utakazokuta kwenye mtumba, iwe Memorial au Kiborloni, zimetoka nje, na zilizotoka Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120. Wetu ni 230. Geuza chaja usome yale maandishi madogo mgongoni. Ikiandikwa 100 hadi 240, nunua adapta ya pini tatu, chomeka bila wasiwasi. Ikiandikwa 120 peke yake, usiijaribu kwenye soketi hata kwa dakika moja, itaungua, na ikiungua mtoto akiwa ndani ni hatari. Hiyo utaitumia kwa betri tu, na nyingi zinakula betri kubwa nne, zile za tochi na redio za zamani. Piga hesabu ya betri kabla hujafurahia bei.

Uzito pia soma vizuri. Wao wanaandika kwa ratili: ratili 20 ni kama kilo 9, ratili 25 ni kilo 11 na kidogo. Kwetu tulichukua kadi ya kliniki, tukatazama mtoto anavyopanda mwezi hadi mwezi, tukaona ya kilo 9 isingetufikisha mbali kwa jinsi alivyo mnene.

Nesi wa Moshi
Nafanya kazi kliniki ya watoto, naomba niongee kirefu. Baba hapo juu kasema vizuri kuhusu kadi, ila uzito peke yake hautoshi. Mtoto akianza kujiinua mwenyewe au kutaka kuchomoka, bembea imekwisha kazi yake hata kama kilo hazijafika.

Jambo ninalowaomba mlishike ni usingizi. Bembea inambembeleza mtoto mpaka analala, na mama anaona afadhali amwache hapohapo amalize kazi. Usimwache. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo bado laini. Akilala ameketi, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Halii wala hafurukuti, kwa hiyo hata ukiwa jikoni hatua tatu kutoka alipo hutasikia kitu. Akisinzia, mfungue mkanda umhamishie kitandani, mgongo chini, godoro gumu, bila mto. Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo unaozidi digrii 10, baada ya vifo vingi. Na mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Fisher-Price iliwatahadharisha wenye bembea zake za Snuga, zaidi ya milioni mbili zilizouzwa tangu 2010, baada ya taarifa za vifo vya watoto watano waliokuwa wamelazwa humo. Walioinunua waliambiwa wakate kile kimto cha kichwani na watoe kile kitambaa kinene cha kumzungushia mtoto mwilini. Bidhaa za namna hii zinazunguka dunia nzima kwa mtumba, kwa hiyo angalia jina na namba iliyobandikwa chini ya kiti kabla hujalipa.

Huyu wa miezi miwili mlaze kwenye mwinamo wa chini kabisa ambao kiti kinaruhusu. Mkanda ufungwe kila mara, hata kama unageuka tu kuzima jiko. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mvalishe sweta na soksi. Blanketi zito lisiingie kwenye bembea, linapanda usoni. Pia asishinde humo kutwa: nusu saa, kisha mtoe umweke kifudifudi kwenye mkeka akiwa macho, nawe ukimtazama, shingo ikomae na kichwa kisibonyee upande mmoja.

Bibi wa Rau
Wanangu, sisi tulilea kwa kanga. Kanga mbili pamoja zinafungwa kwenye boriti kwa kamba ya katani, fundo linavutwa na mtu mzima kwanza ajaribu uzito wake, ndipo mtoto anawekwa. Nilikuwa nakaa chini pale pembeni, kamba mkononi, namenya ndizi za mtori huku navuta polepole. Mtoto hakuwahi kuachwa humo mimi nikaenda kisimani. Sasa nikienda kwa binti yangu aliyepanga mjini, juu ni jipsamu tupu, pa kufunga hapaonekani. Msije mkapigilia msumari kwenye hiyo siling mkaning'iniza mtoto.

Nesi wa Moshi
Shikamoo bibi. Asante sana kwa hilo la kukaa pembeni na kamba mkononi, ndilo ningependa kina mama wote walisikie. Kitambaa kinamkunja mtoto kidevu kifuani vilevile kama kiti, kwa hiyo jicho lisibanduke usoni pake.

Bibi wa Rau
Marahaba mwanangu. Ni kweli.

Mama Mapacha, Unga Limited
Sisi tuko chumba kimoja, watoto wawili kwa mpigo, na mkubwa wao hajafika shule. Bembea mbili zingetutoa nje. Tulinunua vile viti vya chuma chembamba na kitambaa, havina umeme. Mtoto akirusha miguu kinanesa chenyewe, au wewe unakigusa kwa kidole cha mguu huku unafua. Vikikunjwa vinabaki bapa, naviegemeza nyuma ya mlango. Kwangu hivyo ndivyo vilivyonifaa, na ningeulizwa leo ningechukua hivyohivyo.

Angalizo kwa wenye mtoto mwingine anayetambaa: mikanda isiachwe inaning'inia chini ya kiti. Mwaka 2022 kampuni ya 4moms ya Marekani iliwatahadharisha wenye bembea zake za MamaRoo na RockaRoo, zaidi ya milioni mbili kwa jumla, kwa sababu mikanda iliyokuwa ikilegea chini ingeweza kumnasa shingoni mtoto anayetambaa, na mtoto mmoja alifariki. Mimi nikimtoa mtoto nafunga mkanda tena, nausokota juu ya kiti. Katika chumba kimoja hakuna pa kumficha mtambaaji.

Fundi wa Ngarenaro
Kwa wanaouliza zile za kamba za kuning'iniza mlangoni: hazichukui nafasi, kweli, lakini ni za mtoto anayekaa mwenyewe bila kuegemezwa. Na fremu iwe ya mbao ngumu, ndoano ipite ndani kwa skrubu. Mwambie mwenye nyumba kabla hujatoboa.

Mama wa Sakina
Nawashukuru sana, sikutarajia mengi hivi. Bibi, shikamoo. Nimechora chaki leo asubuhi, kubwa haiingii hata nikihamisha kabati. Nimeamua fupi ya kukunja, na akisinzia namhamisha, hilo nimelishika. Kuna dada hapa mtaani anauza yake iliyotumika. Nikaikague nini zaidi ya chaja na namba?

Mama Kijenge
Ifungue na kuikunja mbele yake. Ikishafunguka isukume pembeni kwa mkono: ikiyumba, kifungio kimechoka, iache. Vuta kila mkanda kwa nguvu, bonyeza kifungo ufungue kwa mkono mmoja, maana mwingine utakuwa na mtoto. Kisha vua kitambaa chote uangalie chini yake, ndipo kutu na nyufa zinapojificha. Asipokuruhusu kukivua, ondoka.

Baba wa Soweto, Moshi
Na iwashe pale kwake kwa dakika kumi ukiwa umeweka mfuko wa kilo tano za unga ndani. Tupu zote zinacheza vizuri. Wa Moshi, Jumamosi nitakuwa Memorial, anayetaka kuangaliziwa chaja aseme hapa.