Ulinganisho: Skibodi zipi ziwafae vijana wanaoanza, na tuwapokee kwa njia ipi?

Nyika_Vermont (mwanzisha mada)
Ndugu wanachama, msimu wa theluji unakaribia, na safari hii kundi letu dogo la hapa Vermont, Marekani, limeombwa kuwafundisha skibodi (skii fupi, moja kila mguu, za kutelezea thelujini bila fimbo) vijana kadhaa wenye asili ya Afrika Mashariki, baadhi yao wazaliwa wa hapa na wengine waliofika karibuni. Kabla fedha za kikundi hazijatumika, naomba tulinganishe njia tatu. Ya kwanza ni kuwanunulia skibodi kuukuu za zama za Snowblade (skibodi za kampuni ya Salomon), zenye urefu usiofika mita moja na vifungio (vishikizo vya kiatu kwenye ubao) visivyoachia kiatu, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Ya pili ni skibodi pana za kisasa, za sentimita 100 hivi, zenye vifungio vinavyoachia mtu anapoanguka vibaya, ingawa gharama yake ni kubwa zaidi. Ya tatu ni kuwapeleka kwanza shule ya skii za kawaida, kisha waje kwetu wakishapata msingi. Naegemea ya pili, lakini nahitaji hoja zenu.

Mwalimu_wa_Mteremko
Njia ya tatu naipinga kwa sababu historia yenyewe ya ufundishaji haiiungi mkono. Katika miaka ya 1960 Clif Taylor alisambaza Marekani mtindo wa kuwaanzisha wanafunzi kwa skii fupi sana na kuwaongezea urefu hatua kwa hatua, na huko Ufaransa Robert Blanc alifundisha vivyo hivyo katika kituo cha skii cha Les Arcs. Wote wawili waliona kwamba ubao mfupi hugeuka bila mwanafunzi kupigana nao, na kwamba hofu humtoka mapema. Tofauti yetu na wao ni kwamba wao waliufanya ufupi kuwa daraja la kuvukia, ilhali sisi tunataka kijana akipenda abaki hapo hapo. Kumwambia aliyekuja kwa ajili ya skibodi kwamba ajifunze kwanza kitu kingine ni kumrudisha mlangoni.

Niongeze kwamba wale waliokulia mjini wakiteleza kwa viatu vya magurudumu tayari wanajua kusimama katikati ya miguu yao na kugeuka bila fimbo. Ujuzi huo huhamia kwenye skibodi karibu wote.

MamaJuma
Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzazi, si mtelezaji, na mwanangu ni mmoja wa hao vijana. Nimesoma kwamba vifungio visivyoachia huvunja miguu. Je, ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini njia ya kwanza imewekwa hata mezani?

Fundi_Vifungio
Dada MamaJuma, swali lako ndilo kiini cha mada hii. Ubao mfupi hauna wenzo mrefu wa kulisokota goti, na ndiyo maana majeraha ya kano za goti huonekana kwa uchache miongoni mwa wanaoutumia. Lakini ncha ikizama ghafla thelujini na kifungio kikagoma kuachia, nguvu yote huishia juu ya ukingo wa kiatu, na mfupa wa muundi ndio unaovunjika. Uchunguzi wa majeruhi wa michezo ya theluji umeonyesha mwelekeo huo huo: magoti machache, miundi mingi zaidi.

Hata hivyo, njia ya kwanza ina faida moja ambayo ni haki kuitaja. Kifungio kisichoachia hurekebishwa upesi kutoka kiatu cha mtu hadi cha mwingine, kwa hiyo jozi moja huweza kuzunguka kwa vijana kadhaa asubuhi moja. Kifungio kinachoachia hupangwa kwa uzito, kimo, umri, kiwango cha uzoefu na urefu wa soli ya kiatu cha mhusika, na hakiazimwi ovyo. Kina breki, hata hivyo, kwa hiyo ubao uliochomoka hauteremki peke yake kuelekea watu walio chini.

Salma_Dubai
Ningependa kuongeza mazingira. Sisi tulio Ghuba tunateleza Ski Dubai, ukumbi wa theluji wa ndani ya jengo uliofunguliwa mwaka 2005, ambako mteremko mrefu kabisa ni wa mita 400 hivi. Katika nafasi kama hiyo ufupi wa ubao ni neema, kwani unapata migeuko mingi kabla mteremko haujaisha. Kwenye theluji laini na nzito ya mlimani hali ni nyingine: skibodi nyembamba huzama, na kwa kasi kubwa hutetemeka. Upana wa njia ya pili ungewasaidia vijana wa Vermont kuliko wetu.

Mzee_wa_Skibodi
Wengine hapa hamkuziona enzi zake. Jason Levinthal aliianzisha kampuni ya Line mwaka 1995 kwa kutengeneza skibodi, na kati ya 1998 na 2000 mchezo huu ulikuwa kwenye mashindano ya X Games ya majira ya baridi. Kisha zikaja skii ndefu zenye ncha mbili zilizopinda, kampuni kubwa zikahamia huko, na leo skibodi nzuri hutoka kwa watengenezaji wadogo wanaouza kwa intaneti. Kijana akiingia dukani hazioni. Kwa hiyo jozi za kuazima, pamoja na mtu mzima anayepanda naye lifti na kuteremka kwa mwendo wake yeye mgeni, ndizo zitakazomfikisha. Msimwache na skibodi peke yake kwenye mteremko wa wanaoanza huku ninyi mkienda juu.

Nyika_Vermont (mwanzisha mada)
Nawashukuru nyote. Tutanunua jozi chache za njia ya pili badala ya nyingi za njia ya kwanza, vijana watagawanywa kwa zamu za siku nzima ili fundi apange vifungio mara moja kila asubuhi, na kila mmoja atakuwa na mwenyeji wake. Fundi, je, viatu vya watoto vitaingia?

Fundi_Vifungio
Si vyote. Soli ya kiatu cha mtoto ina vipimo tofauti na ya mtu mzima, na vifungio vingi vya watu wazima haviipokei. Wazazi wanitumie picha ya soli pamoja na urefu wake kwa milimita, ambao kwa kawaida huchapishwa ubavuni mwa kisigino, kabla hamjaagiza chochote.