Tupeane uzoefu: Maji na chakula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Mwanzisha mada (Kisasa, Dodoma)
Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba mliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, hasa mnaoishi huku kwetu ambako kiangazi hukausha koo kabla ya saa nne asubuhi, mtueleze namna mnavyotenganisha maji na chakula. Wengi tumeelekezwa tusinywe tukiwa tunakula na tusubiri takribani dakika 30 baada ya kumaliza, kwa kuwa nafasi iliyobaki ni ndogo: aliyepunguzwa tumbo huondolewa karibu robo tatu yake au zaidi, na aliyeunganishiwa utumbo kwenye sehemu ya juu ya tumbo huachiwa kifuko cha tumbo cha takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vikubwa. Kanuni naielewa. Kinachonishinda ni hiyo lita moja na nusu hadi mbili ya maji tuliyoelekezwa kunywa kwa siku, nitaiingiza saa ngapi?

Mwalimu wa Nkuhungu
Pole, ndugu yangu. Mimi huingia darasani na chupa ya maji, nikapiga funda dogo kila ninapogeuka kuandika ubaoni, na nusu saa kabla ya chakula cha mchana chupa huingia kabatini. Kugugumia hakuwezekani tena. Ukijaribu, kifua kinabana na maji yanarudi. Kwangu mtihani ulikuwa chai ya asubuhi, maana sisi tumezoea kuuteremsha muhogo kwa chai. Sasa chai naitanguliza peke yake, bila sukari, kisha nala yai baadaye. Wanafamilia huona kwamba najitenga, nami nimeacha kuwaeleza.

Mgogo wa Bahi
Wadau mmesahau mlenda. Ugali wa uwele ukiwa mkavu hukwama, hilo halina ubishi, na ndiyo maana mkono hukimbilia kikombe. Tonge lililochovywa kwenye mlenda hupita bila maji, nami nilifurahi sana, mpaka mtaalamu wa lishe aliponiuliza ninakula matonge mangapi. Chakula kinachoteleza hakikupi ile dalili ya kushiba mapema, kwa hiyo unajikuta umekula zaidi ya ulichopangiwa huku ukijisifu kwamba hukunywa chochote. Mlenda sikuuacha, kwani mtu wa huku auacheje? Ila sasa naanza na samaki au maharage, natafuna mpaka vilainike kabisa, kisha ndipo naugusa ugali kwa matonge yasiyozidi ukubwa wa zabibu. Mchuzi mwepesi nauhesabu kuwa maji.

Mkazi wa Kikuyu
Mimi niliunganishiwa utumbo, na tahadhari yangu ni kwenye sherehe. Mwenyeji anakuwekea soda mbele ya sahani na kukataa kunaonekana dharau. Siku moja nilikunywa juisi tamu juu ya pilau ili nisimvunje moyo shemeji. Haukupita muda mrefu jasho likanitoka, moyo ukaenda mbio na tumbo likaharisha. Daktari alieleza kwamba sukari nyingi ikishuka kwa kasi kwenye utumbo mwembamba huvuta maji mwilini na kuleta hali hiyo, na kwamba soda huongeza gesi juu yake. Siku hizi namweleza mwenyeji mapema, tena kwa unyenyekevu: "Shemeji, naomba yangu iwekwe pembeni, nitakunywa baadaye."

Mwanzisha mada
Ahsanteni sana. Je, mnaposahau kunywa, mnatambuaje?

Mwalimu wa Nkuhungu
Mkojo huwa wa njano iliyokolea na kichwa huzunguka ninaposimama. Hapo huongeza mafunda, lakini anayetapika kila anachokunywa asisubiri kesho, aende hospitali. Jambo jingine: ukipewa vidonge vya madini ya chuma, usivimeze kwa chai, kwani chai huzuia mwili kuyafyonza. Mimi humeza vyangu saa kumi jioni, kwa maji, mbali na mlo na mbali na vile vya kalisi (kalsiamu).