Mjadala: Je, ni wivu uliomuua Mary Stuart?

Mwanzisha mada

Ndugu wasomaji, kila inapotajwa habari ya Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza na Mary Stuart, Malkia wa Uskoti, husikika hoja ileile: kwamba walikuwa wanawake wawili walioneana wivu, mmoja mrembo aliyeolewa na kuzaa, mwingine aliyekataa kuolewa, na kwamba wivu huo ndio uliofikisha shoka shingoni mwa Mary tarehe 8 Februari 1587. Vitabu pendwa vya historia vimeukoleza mtazamo huu, na tamthilia na filamu zikawakutanisha wakigombana uso kwa uso, ilhali katika maisha yao yote hawakuonana hata mara moja. Mimi nasema maelezo haya ni dhaifu, na tena ni dhuluma kwa wote wawili, maana yanawanyang'anya watawala hawa siasa yao.

Kiini cha ugomvi kilikuwa urithi. Mary, Mkatoliki, alikuwa mjukuu wa Margaret Tudor, shangazi yake Elizabeth, na kwa kuwa Elizabeth, Mprotestanti, hakuwa na mtoto, kwa damu Mary ndiye aliyekuwa karibu zaidi na kiti cha enzi cha Uingereza. Wakatoliki wengi walikwenda mbali zaidi: hawakuitambua ndoa ya Henry wa Nane na Anne Boleyn, kwa hiyo machoni mwao Elizabeth alizaliwa nje ya ndoa, na malkia halali tangu mwaka 1558 alikuwa Mary. Mei 1568, baada ya kushindwa vitani Langside, huko Uskoti, Mary alikimbilia Uingereza akitaraji kusaidiwa kukirudia kiti chake cha Uskoti. Badala yake alizuiliwa kwa takriban miaka 19. Mwaka 1570 Papa Pius V akamtenga Elizabeth na Kanisa na kuwafungua raia wake kiapo cha utii. Tangu hapo uhai wenyewe wa mfungwa yule ukawa hatari kwa serikali, awe amekula njama au hajala.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana nawe kuhusu urithi, lakini usiufute wivu kabisa. Mwaka 1564 Elizabeth mwenyewe alimuuliza mjumbe wa Uskoti, James Melville, ni nani kati yao aliye mzuri zaidi na nani aliye mrefu zaidi. Melville alipojibu kwamba Mary ndiye mrefu, Elizabeth alisema basi amezidi kipimo, kwa kuwa yeye mwenyewe si mrefu mno wala si mfupi mno. Mtu asiye na wivu haulizi hivyo. Pili, unamzungumzia Mary kana kwamba hakuwa na hatia: Julai 1586 alimwandikia Anthony Babington, Mkatoliki aliyekula njama ya kumwokoa, akiridhia mpango ambao ndani yake mlikuwa na kuuawa kwa Elizabeth. Ni serikali gani ya zama zile ingelivumilia hilo?

Mwanzisha mada

Ushahidi wa Melville ni mzuri, ila tuutazame mahali ulipotokea. Melville alikuwa London wakati ndoa ya Mary ikizungumzwa, na Elizabeth alikuwa amempendekeza Robert Dudley, mtu wake wa karibu mno, awe mume wa Mary. Malkia anayemtoa kipenzi chake kwa mpinzani ili amfunge katika maslahi ya Uingereza anafanya siasa, hata kama hapohapo anauliza habari za urefu.

Kuhusu Babington, sikusema Mary hana hatia, naamini aliridhia. Lakini barua zile zilipitishwa ndani ya mapipa ya bia huko Chartley, alikozuiliwa Mary, kwa njia iliyosimamiwa na watu wa Francis Walsingham, waziri wa Elizabeth aliyeongoza ujasusi, ambao walizifungua, wakazifumbua maandishi yake ya siri, na hata wakaongeza maneno ya kughushi mwishoni ili Babington ataje majina ya wenzake. Katika kesi iliyosikilizwa katika ngome ya Fotheringhay Oktoba mwaka huohuo, Mary hakuruhusiwa wakili, na barua iliyosomwa mbele ya majaji ilikuwa nakala.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyofuata. Elizabeth alitia saini hati ya kifo tarehe 1 Februari 1587, kisha akataka mlinzi wa Mary, Amias Paulet, adokezwe kwamba ingefaa mfungwa auawe kimyakimya. Paulet, ambaye hakuwa na huruma na Mary, alikataa kumwaga damu bila idhini ya sheria. Washauri wakaituma hati bila kumrudia malkia, na hukumu ilipokwisha kutekelezwa, mzigo akabebeshwa katibu William Davison, akafungwa katika Mnara wa London na kutozwa faini kubwa. Wivu hauwezi kueleza kusita kote huku. Hofu inaweza: Elizabeth alijua kwamba kumkata kichwa malkia aliyetiwa mafuta, kwa hukumu ya mahakama, ni kufungua mlango ambao wafalme wa baadaye wasingeweza kuufunga. Mwaka 1649 Charles wa Kwanza, mjukuu wa Mary, alishtakiwa na kukatwa kichwa na raia wake mwenyewe.

Nakuomba basi, wewe na wengine mnaoshikilia wivu, mtaje uamuzi mmoja wa serikali ya Elizabeth kati ya mwaka 1568 na 1587 ambao wivu unaueleza vizuri kuliko urithi na dini.